Pawa saplai ya chaja ya lipo: namna ya kuichagua, kuipima na kuitumia Uganda

Chaja nyingi nzuri za betri za lipo (lithiamu-polima), hizi za droni, magari ya rimoti na ndege ndogo, haziji na waya wa kuchomeka ukutani. Zinakuja na plagi ya XT60 au nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, na zinataka umeme wa DC wa volti 12, 24 au zaidi, ambao hutolewa na pawa saplai, kifaa kinachogeuza umeme wa ukutani. Mtu akishainunua, huokota chochote kilicho karibu: adapta ya laptopu, pawa saplai ya kompyuta mbovu, au kisanduku cha taa za LED alichouziwa mjini. Siku mbili baadaye chaja inazima katikati ya kazi, na lawama zote inabebeshwa yenyewe. Mara nyingi chaja haina kosa lolote. Inalishwa vibaya.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kununua pawa saplai mara moja na kuitumia miaka. Ushauri wangu una mpangilio mmoja: volti kwanza, ampea za kweli pili, na wati zilizoandikwa kwenye kibandiko mwisho kabisa. Wauzaji wengi hukupangia kinyume chake.

Hatua ya kwanza: piga hesabu ya betri yako

Usianzie dukani. Anzia kwenye betri kubwa kuliko zote ulizonazo, au utakayoinunua mwaka huu.

Seli moja ya lipo ikijaa inafika volti 4.2. Zidisha 4.2 kwa idadi ya seli, kisha zidisha kwa ampea unazotaka kuchaji. Chukua betri ya seli 6 yenye mAh 5000, ambayo watu wa droni wanaifahamu vizuri. Kuichaji kwa kasi ya kawaida ya 1C, yaani ampea zinazolingana na Ah za betri (mAh 5000 ni Ah 5), ni kutumia ampea 5. Seli 6 mara 4.2 ni volti 25.2, mara ampea 5 ni wati 126. Hizo ndizo wati zinazoingia kwenye betri dakika ile chaja inapofanya kazi ngumu kuliko zote, yaani volti zikikaribia kileleni na ampea zikiwa bado hazijaanza kushuka. Ndiyo maana chaja yenye pawa saplai dhaifu huanza vizuri ikazima betri ikifika karibu asilimia 80.

Chaja yenyewe inapoteza umeme kama joto. Chukulia asilimia 85 ndiyo inayofika kwenye betri. 126 gawanya kwa 0.85 unapata wati 148. Ongeza robo ya akiba, kwa sababu pawa saplai inayobanwa hadi mwisho kila siku haidumu, hasa kwenye joto la chumba chenye paa la mabati. Sasa uko kwenye wati 185 hivi. Kwa betri hiyo moja, pawa saplai ya wati 200 za kweli inatosha.

Kama unachaji tatu kwa pamoja kwenye ubao wa kuunganisha betri sambamba, ampea zinakuwa 15 na wati zinazoingia kwenye betri zinakuwa 378. Rudia hesabu ileile: utafika kwenye wati 555. Hapo ndipo watu wengi hushtuka, maana walikuwa wamepanga kununua ya 350.

Hatua ya pili: soma volti za kuingilia za chaja

Geuza chaja, au fungua kitabu chake, utafute volti zinazokubalika kuingia. Utakuta mfano 7 hadi 28, au 10 hadi 30, au 11 hadi 18. Namba ya juu usiivuke hata kidogo. Hakuna kipindi cha kusamehewa. Kapasita na transista za ndani zinakufa papo hapo.

Mfano hai ni chaja ya iMAX B6 ya SkyRC, ile ya zamani ya bluu ambayo vijana wengi huanzia nayo, pamoja na nakala zake. Upande wa DC inakubali volti 11 hadi 18. Adapta ya laptopu, kitu ambacho hakikosekani katika nyumba yoyote ya Kampala, inatoa volti 19 au 19.5. Tofauti inaonekana ndogo na plagi mara nyingine inaingia bila shida. Usiingize. Chaja hiyo inataka pawa saplai ya volti 12 na ampea 6 au 7, basi. Inatoa wati 50 tu za kuchajia, kwa hiyo usitumie fedha nyingi kuitafutia mtambo mkubwa.

Chaja za kisasa ndogo, za ISDT, ToolkitRC na HOTA, nyingi zinapokea volti za hadi 28 au 30. Lakini hakikisha kwa modeli yako wewe, usiende na maneno ya rafiki mwenye modeli nyingine ya kampuni ileile.

Hatua ya tatu: 12 au 24?

Kama chaja inakubali 24, nunua ya 24. Sina mjadala mrefu hapa, lakini nitaeleza kwa nini.

Kila chaja ina kikomo cha ampea inazoweza kuvuta upande wa kuingilia. Tuseme kikomo ni ampea 20. Ukiilisha volti 12, inavuta wati 240, na baada ya hasara unabaki na kama wati 200 za kuchajia. Ukiilisha 24, ampea 20 zilezile zinakuwa wati 480. Chaja ni ileile na bei uliyolipa ni ileile, lakini kwa 12 umeacha nusu ya nguvu yake dukani. Chaja iliyoandikwa wati 500 kwa maandishi makubwa huwa inamaanisha wati hizo kwa 24 au zaidi, na maelezo ya 12 yako kwenye maandishi madogo.

Sababu ya pili ni joto. Betri ya seli 6 inahitaji volti 25.2. Chaja ikipewa 12 inalazimika kuzipandisha zaidi ya mara mbili, na kazi hiyo inaipasha moto. Ikipewa 24, pengo ni dogo sana.

Sababu ya tatu ni nyaya. Kwa wati zilezile, volti 24 zinapitisha nusu ya ampea, na hasara ya kwenye waya inashuka hadi robo.

12 inabaki na nafasi mbili tu: chaja ndogo ya zamani, na kuchajia nje ya nyumba kwa betri ya gari au ya sola.

Hatua ya nne: chagua aina

Ninayoipendekeza kwa watu wengi ni ya kiwandani, kile kisanduku cha bati chenye matundu na skrubu upande mmoja. Kwa kampuni ya Mean Well, LRS-350-24 inatoa volti 24 na ampea 14.6, yaani wati 350. Ina skrubu ndogo ya kurekebisha volti kuanzia 21.6 hadi 28.8, iache kwenye 24, hasa kama chaja yako mwisho wake ni 28. Visanduku vinavyofanana nayo vimejaa kwenye maduka ya taa za LED na kamera za ulinzi, na bei yake inavutia. Vingine ni vizuri. Vingine vimeandikwa ampea 15 na havifiki hata 9. Uzito unasema kitu: chukua viwili vyenye maandishi sawa, kimoja mkono huu na kingine ule. Chepesi sana kina transfoma ndogo na bamba jembamba la kupooza joto.

Kasoro ya aina hii ni skrubu zilizo wazi. Mbili za mwanzo zina umeme wa ukutani na ya tatu ni ya waya wa ardhi, umbali wa kidole kutoka kwa zile za 24. Nyumba yenye watoto, hiyo haifai kukaa mezani ikiwa uchi. Ifungie ndani ya boksi la plastiki lenye matundu ya hewa, na matundu hayo uyazibe kwa wavu mwembamba. Vumbi letu jekundu huziba feni, na mende hupenda joto la humo ndani. Mende mmoja akikatiza sehemu ya umeme mkubwa anatosha kuiua pawa saplai.

Ya pili ni ya seva iliyotumika. Hizi ni mashine za kweli: HP DPS-1200FB, kwa mfano, inatoa volti 12, wati 900 ikiwa kwenye umeme wa volti 100 hadi 120 na wati 1200 ikiwa kwenye 200 hadi 240. Uganda tunatumia 240, kwa hiyo tunapata 1200 kamili, ampea 100. Wenzetu wa Marekani wanaisoma mitandaoni kama ya 900. Inahitaji daraja dogo kati ya pini fulani ili iwake, na pini hizo hutofautiana kwa kila modeli, hivyo tafuta mchoro wa modeli yako hasa, au nunua ubao wa kuunganishia uliotengenezwa tayari. Feni yake inapiga kelele kama mashine ya kinyozi, na bado ni 12.

Hapo ndipo watu huunganisha mbili mfululizo wapate 24. Inawezekana, lakini hasi ya pawa saplai ya seva imeshikana na bati lake, na bati limeshikana na waya wa ardhi. Ukiunganisha mbili bila kuitenga moja, umetengeneza shoti ya ampea 100. Kuna mafundi wanaoshauri ukate waya wa ardhi. Usikubali. Waya huo ndio unaokuokoa umeme wa ukutani ukivuja kwenye bati. Kama unahitaji wati nyingi kwa 24, lipa zaidi kidogo ununue ya 24 iliyotengenezwa hivyo.

Ya kompyuta ya mezani, inayotolewa kwenye mashine zilizokufa, ni ya mwanafunzi asiye na fedha, na kwa kazi ndogo inafaa. Unganisha waya wa kijani na mweusi mmoja, itawaka. Nyaya za njano ni volti 12. Soma kwenye kibandiko mstari wa +12V peke yake, usiamini wati za jumla. Yenye maandishi ya wati 400 inaweza kuwa na ampea 16 tu za 12. Zile za zamani pia hushusha 12 kama upande wa 5 hauna mzigo, hivyo weka rezista ya om 5 ya wati 10 kati ya waya mwekundu na mweusi. Itapata moto, ishikize kwenye bati.

Adapta ya laptopu ya wati 90 inafaa kwa chaja ndogo inayokubali 19 au zaidi. USB-C ya wati 100 inatoa volti 20 na ampea 5, na kuna chaja ndogo zinazoipokea moja kwa moja. Kwa safari ni nzuri. Kwa betri za seli 6 nyingi, hapana.

Na betri ya sola? Kwa mtu wa Arua au Karamoja anayerusha droni mbali na nguzo za umeme, hii inashinda jenereta. Betri ya asidi ya volti 12 na Ah 100 ina saa-wati 1200. Tumia nusu tu ili isife mapema, unabaki na 600. Betri yetu ya seli 6 ina saa-wati 111, na chaja inahitaji kama 130 kuijaza. Unajaza nne kwa uhakika. Weka fyuzi ya ampea 30 karibu kabisa na nguzo chanya ya betri, kwa sababu betri ya asidi ikipigwa shoti inayeyusha waya kabla hujafika kuuchomoa. Usiiunganishe chaja kwenye paneli moja kwa moja: paneli inayoitwa ya 12 bila mzigo hutoa volti 21 hivi, ikiwekewa mzigo na wingu likipita inaanguka. Pitia kwenye betri daima.

Hatua ya tano: upande wa ukutani

Kabla hujachomeka chochote, tafuta swichi ndogo nyekundu au ya manjano pembeni mwa kisanduku, iliyoandikwa 115 na 230. Ipo kwenye LRS-350 na kwenye nakala nyingi, na mara nyingine inatoka kiwandani ikiwa kwenye 115. Ukiichomeka kwenye umeme wetu hivyo, utasikia mlio mmoja, na fedha imekwenda. Isukume kwa bisibisi mpaka usome 230, kisha muulize mtu mwingine naye asome.

Ikiwa kwenye 230, LRS-350 inafanya kazi kati ya volti 180 na 264. Pima umeme wa nyumbani kwako saa mbili usiku, majirani wote wakiwa wamewasha pasi na majiko. Kama mtaani kwako unashuka chini ya 180, chagua pawa saplai isiyo na swichi, inayokubali yote. RSP-320-24 ya Mean Well, kwa mfano, inapokea 88 hadi 264 na kutoa ampea 13.4. Ni ghali zaidi, na kwa mtaa wa namna hiyo inastahili.

Tumia plagi ya pini tatu yenye waya wa ardhi uliounganishwa kweli. Fyuzi ya ndani ya plagi iwe ya ampea 5 kwa pawa saplai ya wati 350. Ile ya 13 inayokuja na plagi inaruhusu wati zaidi ya 3000 kabla haijakatika, na huo ni mwaliko wa moto. Umeme ukikatika, chomoa ukutani na uitoe betri kwenye chaja. UEDCL, shirika la kusambaza umeme lililochukua kazi hiyo kutoka kampuni ya Umeme Aprili 2025, au yeyote mwingine, wakiurudisha, dakika za mwanzo zinaweza kuja na volti za juu. Subiri utulie.

Kuhusu Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla, usiwe na hofu. Kujaza betri ile moja kutoka tupu, ukihesabu hasara ya chaja na ya pawa saplai, ni kama saa-wati 155. Yuniti moja inajaza sita. Nilicho makini nacho zaidi ni kuizima usiku, kwa ajili ya usalama kuliko gharama.

Hatua ya sita: waya mzuri

Hapa fedha ndogo inaharibu kazi kubwa. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, urefu wa mita moja kwenda na moja kurudi, ukipitisha ampea 20 unapoteza karibu nusu volti njiani. Pawa saplai inatoa 12, chaja inaona 11.5, na ikishuka zaidi inaandika INPUT VOL ERR. Waya wa milimita za mraba 4 unapoteza volti 0.18 tu. Fupisha pia: sentimita 40 zinatosha.

Nao waya wenyewe ukague. Kwaruza uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe ndani, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na inapasha joto kuliko shaba ya unene huohuo. Ukivutwa na sumaku, ni chuma, urudishe. Ncha zilehemu kwenye XT60, usitumie vibanio vya mamba isipokuwa kwenye betri ya sola.

Hatua ya saba: ipime kabla ya kuiamini

Pawa saplai isiyo na mzigo inaonyesha 24 hata kama ni bovu. Lazima uibebeshe. Nenda soko la Kisekka, Kampala, kwenye wauza spea za magari, ununue balbu za H4 zilizotumika, za wati 60/55, ambazo uzi mmoja bado mzima. Kila moja kwa volti 12 inavuta ampea 5 hivi. Kwa pawa saplai ya 12, ziunganishe sambamba: nne ni ampea 20. Kwa ya 24, unganisha mbilimbili mfululizo, kila jozi inavuta 5. Kwa ampea 15 unahitaji jozi tatu.

Ongeza jozi moja moja, usiziwashe zote kwa pamoja. Uzi wa balbu ukiwa baridi unavuta ampea nyingi mara ya kwanza, na hata pawa saplai nzuri inaweza kujizima ikidhani ni shoti. Weka mita kwenye skrubu za kutokea. 24.0 ikishuka hadi 23.8 kwa mzigo kamili, ni nzuri. Ikishuka hadi 22, au ikianza kuzima na kuwaka, umeshapata ukweli wa kibandiko. Iache ibebe nusu saa, kisha nusa. Harufu ya vanishi mara ya kwanza ni kawaida, harufu ya plastiki inayoungua si kawaida. Balbu zinawaka moto kweli, ziweke juu ya tofali na usiziguse.

Muuzaji anayekubali upime hivi mlangoni kwake, shikamana naye.

Hatua ya nane: iambie chaja ukweli

Chaja nyingi za kisasa zina sehemu ya kuweka kikomo cha umeme wa kuingilia. Watu wengi hawaifungui kabisa. Kwa LRS-350-24, weka ampea 12 au wati 290, ili ubaki na akiba. Volti ya chini ya kukatia weka 22 kwa pawa saplai ya 24. Kwa betri ya asidi ya 12, weka 11.5, ili usiinyonye ikafa.

Kama chaja yako inaweza kurudisha umeme wa betri upande wa kuingilia wakati wa kupunguza chaji, ruhusu kazi hiyo ukiwa kwenye betri ya asidi tu. Pawa saplai ya ukutani haina pa kuupeleka umeme unaorudi. Volti zinapanda kwenye nyaya mpaka kitu kikatike.

Mara ya kwanza, chaji betri moja kwa 1C, juu ya sakafu ya saruji, mbali na pazia na godoro, ukiwa umekaa hapohapo. Kila baada ya dakika kumi weka kiganja kwenye plagi ya XT60, kwenye skrubu kwa mgongo wa kidole upande wa 24 tu, na kwenye boksi la pawa saplai. Palipo na joto kuliko kwingine ndipo penye kiungo kibovu. Zima, chomoa, kaza au lehemu upya, kisha endelea.

Skrubu hulegea zenyewe kwa kupata joto na kupoa. Zikaze tena baada ya wiki moja, kisha kila miezi mitatu, na siku hiyohiyo pulizia vumbi kwenye feni.